Elfu Ishirini na Saba, Mia Saba na Ishirini

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alimwita fundi akaja kupigilia ubao wa paini ukutani jikoni, hapa kwake Mbeya ninakomalizia uzee wangu. Akaandika majina ya watoto watano wa nyumba hii, na pembeni ya kila jina akagongomea msumari. Kwenye msumari mmoja kinaning'inia kifuniko cha soda, na kila asubuhi kinahamia msumari wa chini yake. Ukiamka ukakikuta kwenye jina lako, vyombo vya leo ni vyako. Watoto waliufurahia mchezo huo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu karibu na jiko, harufu ya utomvu wa ubao mpya ikanifikia, nikawa tena mtoto aliyesikia jina lake likiitwa ofisini. Ukiishi kwa mwanao unajifunza kumeza maneno.

Juzi mjukuu wangu Baraka akaja na kalamu ya wino mzito. "Bibi, tunamfuta Neema," akaniambia, na mwenyewe anacheka. "Haoshi vizuri, halafu ni mgeni tu, amekuja juzi kutoka Mafinga. Tukibaki wanne ni sawa tu." Nilinyanyuka, na kunyanyuka kwangu siku hizi ni shughuli nzima, nikachukua mchi wa kinu nikauchokonoa ubao ule mpaka ukaanguka na plasta yake. Nikamwambia Baraka aupeleke uani akaupasue kuni. Mkwe wangu amenuna mpaka leo. Anune! Hajui alikuwa ananipigilia nini ukutani.

Nyinyi wa umri wangu mtanielewa, mliosoma shule za bweni enzi zile za uji usio na chumvi na blanketi moja la kijivu. Mimi nilipelekwa mbali, shule ya wasichana ya misheni, nje kidogo ya Iringa, ukishika njia ya kwenda Kilolo. Baba alikuwa machimboni huko kusini, tunamsikia kwa barua. Mama alibaki Mbeya na wadogo zangu watatu na shamba la migomba na mahindi. Jirani yetu Bi Zuhura mwenye duka, mwanamke wa asili ya pwani, ndiye aliyekuwa akitusomea barua, na ndiye aliyenitafutia lori la mchele la kunifikisha. Lori likafa Chimala. Tulikaa siku tatu tunasubiri kipuri, mimi nimekalia sanduku langu la bati, sithubutu hata kwenda haja mbali nisije nikaachwa.

Nilifika Jumapili jioni. Matroni alinipokea mlangoni mwa bweni, mwanamke mrefu mwenye funguo kiunoni. Sitamtaja jina, si kwa heshima, ila sitaki lipite tena mdomoni mwangu.

"Wenzako wamefika tangu Alhamisi," akasema. "Kwenu Mbeya hakuna kalenda?"

"Lori liliharibika, Matroni."

"Lori halina jina kwenye daftari langu. Wewe unalo. Mchelewaji ndiye atakayeanza."

Wasichana wakacheka. Sikujua naanza nini. Nilijua kulipokucha. Ukutani mwa bweni zilikuwa zimepigiliwa mbao tano mpya, bado zinatoa utomvu, na kila ubao una kazi yake: maji, kuni, kutwanga, choo, kufagia. Kila jina lilikuwa na tundu pembeni, na kwenye tundu la juu kimechomekwa kijiti. Kila alfajiri Matroni alikishusha kijiti tundu moja, kikifika chini kinarudi juu. Wasichana wengi walikuwa kwenye ubao mmoja, wengine miwili. Mimi nilikuwa kwenye mbao zote tano, na kote nilikuwa wa juu kabisa.

Jumatatu ile nilichota maji ya jiko la walimu, nikakata kuni, nikatwanga mahindi, nikafagia bweni na ua, na mwisho nikamwaga majivu chooni. Harufu ya majivu yaliyoloa ninaijua kuliko harufu ya marashi yoyote. Jioni vidole havikukunjika kushika kijiko. Msichana mmoja wa kitanda cha pili, Rahel, binti wa Mafinga, alinitazama nikihangaika na uji akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mla ndizi kachoka." Ndivyo tulivyojuana.

Swali lililonikaa kichwani lilikuwa moja: siku kama ile itarudi lini? Ubao wa maji ulikuwa na majina matano, wa kuni saba, wa kutwanga manane, wa choo tisa, wa kufagia kumi na moja. Kwa hiyo maji yangerudi kwangu baada ya siku tano, kuni baada ya saba, na kadhalika, kila kazi kwa mwendo wake. Lakini zote tano kwa mkupuo? Nilimuuliza mwalimu wetu wa hesabu, kijana wa Kibena mwenye suruali moja aliyoipiga pasi mpaka inang'aa magotini. Alinipa chaki akaniambia nitafute mwenyewe.

Tano mara saba, thelathini na tano. Mara nane, mia mbili na themanini. Mara tisa, elfu mbili mia tano na ishirini. Mara kumi na moja, elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini. Niliiandika namba ile ubaoni nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Mwalimu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Siku hizo ni karibu miaka sabini na sita," akasema. "Sekela, siku hiyo utakuwa bibi huna jino. Na itakuwa Jumatatu vilevile, maana inagawanyika kwa saba."

Kisha akanionyesha jambo ambalo hata leo nikilifikiria moyo unanienda mbio. Namba ile inagawanyika kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, mpaka kwa kumi na mbili, na hakuna kinachobaki. Kumi haikuwa kwenye mbao za Matroni, wala sita, wala kumi na mbili, na zote inazikubali. Haimkatai mtu mpaka ufike kumi na tatu. Akanieleza kwamba imekuwa kubwa hivyo kwa sababu ukichukua mbao zozote mbili kati ya zile tano, hesabu zake hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa moja. "Angeandika nne, sita, nane, kumi na mbili na ishirini na nne," akasema, "siku yako mbaya ingekuwa inarudi kila baada ya siku ishirini na nne, na katikati ungepumzika sana. Kwa hizi hupumziki. Punguza moja kwenye kila ubao uzidishe: nne mara sita mara saba mara nane mara kumi. Siku ambazo huna zamu hata moja ni elfu kumi na tatu mia nne na arobaini. Haifiki nusu."

Yeye alikuwa anafundisha. Mimi nilisikia hukumu. Nikaamini moja kwa moja kwamba Matroni alizijua hesabu zile. Nilimwona akiwa peke yake chumbani, na funguo zake na taa, akizichagua tano na saba na nane na tisa na kumi na moja moja baada ya nyingine, akihakikisha hazina udugu wowote, ili mimi mtoto wa Mbeya nisipate hata nusu ya siku zangu za kukaa kitako mpaka nizeeke. Nilimwogopa kama mtu anavyomwogopa mchawi, na nilimchukia hivyo hivyo. Akikohoa nilidhani anazidisha.

Lakini namba iliyonifunga ilinipa na silaha. Niligundua kwamba nikiihesabu siku yoyote tangu Jumatatu ile ya kwanza, nikaigawanya kwa hesabu ya ubao, ikibaki moja basi zamu ni yangu. Sikuhitaji tena kwenda kuchungulia vijiti. Niliwaambia wenzangu siku zangu zote na siku zao mpaka mwisho wa muhula, nikawa najisikia. Rahel akanibandika jina: Baki Moja. "Baki Moja, leo unabaki wapi? Chooni?" Bweni zima likalishika.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nakitafuta kwenye hesabu zile. Wageni waliruhusiwa Jumapili moja kila wiki ya nne, na sheria ya Matroni ilikuwa kwamba mwenye zamu haonani na mgeni mpaka amalize kazi yake. Mama angeweza kuja mara moja tu. Ni siku mbili juu ya lori kuja na mbili kurudi, na wadogo zangu wa kuachwa kwa watu. Nikapiga hesabu. Jumapili ya wiki ya nne ni siku ya ishirini na nane: gawanya kwa tisa, inabaki moja. Choo. Ya wiki ya nane ni siku ya hamsini na sita: kwa tano inabaki moja, kwa kumi na moja inabaki moja. Maji na kufagia. Ya wiki ya kumi na mbili ni siku ya themanini na nne. Kwa tano inabaki nne, kwa saba haibaki kitu, kwa nane inabaki nne, kwa tisa tatu, kwa kumi na moja saba. Hakuna moja popote. Siku safi!

Nikamwandikia Mama. Niliandika: "Uje Jumapili ya wiki ya kumi na mbili. Usije Jumapili nyingine yoyote. Nimepiga hesabu, na hesabu haidanganyi." Bi Zuhura alimsomea, na Mama akamwambia ajibu kwamba atakuja. Barua yake nililala nayo chini ya shavu mpaka wino ukafutika.

Kwenye ubao wa maji tulikuwa watano: mimi, Agnesi, Rahel, Yunisi na Tabitha, kwa mpangilio huo. Maji tuliyapeleka jiko la walimu, na Rahel alikuwa na kidole chepesi. Akiweka ndoo chini anachota sukari ya Misi, mwalimu mkuu, anaifunga kwenye leso, halafu anatugawia sisi wa maji nyuma ya ghala. Tulilamba viganjani. Na mimi nililamba. Nilimchukia Rahel lakini sukari yake niliilamba, tena nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Jumapili ya wiki ya kumi na moja, baada ya ibada, Rahel akaamua kuwachekesha wenzake. Akajifunga shuka kifuani, akajitwika mto kama mkungu wa ndizi, akaja anatembea bwenini kwa miguu ya kuchanua, anaongea Kiswahili cha kubabaika kwa lafudhi ya Kinyakyusa: anamtafuta binti yake, Baki Moja, amemletea ndizi, hajui mlango uko wapi. Watu walicheka wakalala vitandani. Wengine walitoa machozi. Mama yangu hajafika bado na tayari wamekwishamcheka.

Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Matroni, yule yule niliyemwogopa, nikamchongea Rahel. Nilisema leso iko wapi, na anachukua lini, na kiasi gani. Kwamba tulilamba wote sikusema. Jioni ile ile sanduku la Rahel likafunguliwa, na Misi akaitwa. Jumatatu alfajiri Rahel akapandishwa lori la mbao linalorudi Mafinga. Nilisimama karibu nipate kumwona vizuri. Hakunitukana. Aliniinamia kutoka juu ya lori akasema, "Na wewe ulilamba," basi, lori likaondoka. Nitasema ukweli: nilifurahi. Kifua kilinijaa furaha kama niliyeshinda mtihani.

Matroni akarudi bwenini na kisu, akalikwangua jina la Rahel kwenye ubao wa maji mpaka mbao ikawa nyeupe, akaziba lile tundu kwa nta ya mshumaa. Nilikuwa pale namtazama. Mimi niliyejua kugawanya siku themanini na nne kwa vichwa vitano, nilimtazama mtu akitoa kimoja mbele ya macho yangu, na akili yangu haikuona kitu ila kwamba adui ameondoka.

Nilikuja kuona Jumatano. Zamu yangu ya maji ilikuwa Alhamisi. Jumatano alfajiri nikaitwa. Niliteremka mtoni bado nina usingizi, nikatumbukiza ndoo, na pale pale nikasimama maji yakinifika magotini. Wanne. Tuko wanne. Jumatano ukiongeza nne ni Jumapili. Baridi ya asubuhi ile ya Iringa sijapata kuisikia tena maishani. Barua isingefika kwa wakati. Mama alikuwa apande lori kesho yake.

Nilimwendea Agnesi nikamwomba tubadilishane, nitamchotea mara mbili, mara tatu. Agnesi akanitazama chini mpaka juu. "Uliyemfukuzisha mwenzio, chota mwenyewe." Yunisi akasema hivyo hivyo. Tabitha aligeukia ukutani. Nikaenda kwa Matroni nikapiga magoti sakafuni.

"Mama yangu anakuja Jumapili, Matroni. Anatoka Mbeya. Ni mara moja tu."

"Zamu yako ni ipi?"

"Maji."

"Basi utachota maji. Maji hayajui mama wa mtu."

Nikapiga hesabu nyingine, ya mwisho. Zamu ya maji ilikuwa ndoo kumi na mbili. Ndoo moja, kuteremka mtoni na kupanda, ni nusu saa. Nikianza saa mbili ibada inapoisha, nisipopumzika, ninamaliza saa nane. Magari ya kurudi yalikuwa yakiondoka saa tisa. Saa nzima ningekaa na Mama. Niliishika saa ile moja kwa meno.

Njia ya mtoni ilipita hatua kumi tu kutoka getini, ambako wageni walikaa kwenye nyasi chini ya mikaratusi. Nikipanda na ndoo ya pili nikamwona. Kitenge kipya, mkungu wa ndizi pembeni, miguu imejaa vumbi la Chimala na Makambako yote. Akasimama. "Sekela! Gwe Sekela!" Matroni alikuwa ameweka kiti katikati ya geti na njia. Alikuwa amekwishamsalimu Mama kwa heshima zote, kamwene mama, za safari. Akanyoosha kidole kwangu bila kunitazama. "Mwenye ndoo hasimami. Ukisimama unaanza upya, kumi na mbili."

Nikapita. Macho nimeyaelekeza kwenye vidole vya miguu yangu, maana nikimtazama nitasimama, na nikisimama saa yangu imekwenda. Nilimpita ili nimuwahi. Ndoo ya tatu akaniita tena. Ndoo ya nne akaniita, na sauti ikawa ndogo. Ya tano hakuita. Nilipita nikiwa karibu nakimbia, maji yananimwagikia mgongoni, shingo imekakamaa, na kichwani nasema tano, sita, saba. Ndoo ya kumi na moja nilithubutu kuchungulia kwa pembe ya jicho: alikuwa amekaa, ameegemeza shavu mkononi, anawatazama mabinti wengine na mama zao wakilishana ndizi. Ikabaki moja.

Nilipopanda na ya kumi na mbili hakuwepo. Mkungu ulikuwa pale kwenye nyasi, na pembeni alama ya mahali alipokalia. Bado saa tisa haijagonga. Niliuliza, nikaambiwa amedandia lori la kwanza lililopita. Nilisimama na ndoo kichwani mpaka Matroni akaniambia niende nikaimimine. Ndizi ziligawiwa bweni zima, sheria ya shule, cha mmoja cha wote. Walikula wakisifu utamu wake. Mimi sikuonja.

Matroni nimemchukia kutoka siku ile mpaka alipokufa, na baada ya kufa sijaacha. Nilikutana naye nikiwa tayari mwalimu mwenyewe, sokoni Iringa, amekaa kwenye gunia anauza maharage, funguo hana tena. Nikamuuliza kwa nini alichagua hesabu zile, tano na saba na nane na tisa na kumi na moja. Alinikodolea macho. "Hesabu gani? Zile mbao zilikuwa mabaki, mama. Seremala wa Mafinga alituletea vipande, kila kimoja na urefu wake. Niliandika majina mpaka ubao ukaisha." Nikamwambia mimi ni Sekela. "Sekela yupi?" akasema. "Nimelea wengi." Akanipimia maharage. Nilikuwa nimembebea uchawi wote ule, kumbe mwanamke hakuwahi kuzidisha chochote. Msidhani nilimsamehe. Mtu anaweza kukufunga kwa kipande cha mbao cha kuokota, na kamba ikauma vilevile.

Siku zile elfu ishirini na saba mia saba na ishirini zimetimia wiki iliyopita, Jumatatu, kama mwalimu alivyosema. Ingekuwa ni siku yangu ya kazi zote tano, kama mbao zile zingebaki zilivyokuwa. Lakini hazikubaki. Ukimtoa mtu mmoja kwenye maji, namba yote inaporomoka. Nne tayari imo ndani ya nane, kwa hiyo haiongezi kitu, na kinachobaki ni elfu tano mia tano arobaini na nne. Igawanyeni hiyo kwa tano. Inabaki nne.

Nilipokwenda likizo Mama hakunigombeza. Alinikaribisha. Nikakaa naye jikoni, siku ya pili au ya tatu, akasema huku anapukuchua mahindi, "Ulinipita kama kisiki cha njiani. Nikasema sawa, mtoto amesoma, ananionea haya mbele ya wenzake." Nikalia, nikamwambia siyo, nikaapa. Akasema nimweleze basi. Nikachukua punje tano za mahindi nikazipanga sakafuni, nikamwonyesha: huyu mimi, huyu Agnesi, huyu Rahel, huyu Yunisi, huyu Tabitha. Nikasogeza kidole punje kwa punje, nikamhesabia siku hadi Jumapili yake, akaona kidole hakikuniangukia. Mama hakujua kusoma lakini alifuata kila hatua. Kisha nikaitoa punje ya tatu, nikahesabu upya, na kidole kikaniangukia.

"Umeona, Mama? Siyo mimi. Ni hesabu iliharibika."

Akagusa mahali palipobaki wazi.

"Huyu wa tatu alikwenda wapi?"

"Alifukuzwa."

"Nani alimtoa?"

Moto ulikuwa unalia kwenye kuni mbichi.

"Nilimsema mimi," nikajibu.

Akaiokota punje ile ya tatu, akairudisha katikati ya wenzake, akazikusanya zote akazitupia kwenye ungo. "Basi na mimi ulinitoa wewe," akasema. Akainuka, akachukua birika na beseni akaja kunimiminia maji ya kunawa. Kwetu mtoto ndiye humnawisha mama. Mama humnawisha mgeni. Nilinyoosha mkono nilipokee birika, akalizuia. Na mpaka anakufa, kila nilipokwenda nyumbani kwake, alininawisha yeye.